Petroli Haikuisha

Jumamosi ya tarehe 9 Machi 2024 tulimzika shemeji yangu Barnaba hapa Louisville. Figo zilimsumbua miaka mitatu, mwisho zikamshinda. Kulikuwa na baridi ya upepo, na wanaume wengi walisimama kaburini wakitetemeka ndani ya suti, kwa sababu koti zito walilokuwa nalo ni lile la kazini, na hawakutaka kumzika mwenzao wakiwa wamevaa nguo yenye jina la ghala. Kijana mmoja wa kanisa alisoma wasifu wa marehemu kwa Kiingereza. Alisoma vizuri. Alipofika kwenye habari za dada yangu Yustina, mke wa Barnaba, alisoma kwamba alifariki njiani akipelekwa hospitali, baada ya pikipiki ya mumewe kuishiwa petroli. Niliinamisha kichwa. Neema, binti yao, ambaye sasa ana miaka kumi na saba, alinishika mkono akaubana. Hakuna aliyesimama kusahihisha, nami sikusimama, maana kaburini si mahali pa kubishana. Lakini nilirudi nyumbani na neno lile la petroli limenikaa kooni. Shule niliishia darasa la sita, katika kambi ya wakimbizi, na Kiswahili nilikipata kanisani na sokoni, kwa hiyo msomaji anisamehe. Naandika mwaka wa 2015 kama ulivyokuwa, kwa sababu Barnaba mwenyewe aliusema ukweli wake kwa mdomo wake, na si haki kumzika nao.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita. Tuliishi watatu, Barnaba, Neema na mimi, katika nyumba ya vyumba viwili juu ya ngazi za chuma zilizolia kila mtu akipanda. Chumba kimoja tulilala Neema na mimi. Kingine kilijaa masanduku, magunia ya unga na baiskeli mbovu, na Barnaba alilala sebuleni kwenye kochi ingawa tulimwambia mara nyingi tukitoe kile chumba vitu. Alisema kochi linamtosha. Asubuhi tulipanda gari la jirani hadi Jeffersontown, yeye akishusha makontena kwenye ghala, mimi nikifunga maboksi katika jengo la pili. Jioni nilipika ugali na dagaa, au maharage na mboga, naye Barnaba akiosha vyombo bila kuombwa, jambo ambalo wanaume wengine walimcheka. Neema alifanya kazi zake za shule mezani. Nilimsemesha kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, na tulielewana hivyo hivyo. Nilimlea tangu alipokuwa na mwaka mmoja, tangu siku ile mama yake alipopelekwa na hakurudi. Watu waliotuona sokoni walidhani sisi ni familia moja ya baba, mama na mtoto, na kwa muda mrefu niliwasahihisha. Mwaka ule niliacha kuwasahihisha.

Niseme wazi, kwa kuwa habari yote iko hapo. Pasaka ile Barnaba aliniomba anioe. Hakuniomba kwa maneno mengi. Tulikuwa tunakunja nguo, akasema, “Konsolata, wazee wa kanisa wameniuliza tena. Mimi ningependa. Lakini wewe fikiri kwanza, usinijibu haraka.” Kwetu Warundi si ajabu mdogo wa marehemu kuolewa na shemeji yake, hasa kukiwa na mtoto. Kila mtu aliona ni jambo lililochelewa. Papa Fikiri, Mkongomani wa Uvira aliyekuwa shemasi na msemaji wetu katika kila jambo, alikuja kula kwetu Jumapili, akasukuma sahani mbele yake na kusema huku Barnaba akiwa jikoni, “Bon, Konso, mi nakuuliza kama kaka yako. Kunabaki nini? Mtoto iko wako, sufuria iko yako, mwanaume iko pale anakula chakula yako. Kunabakia tu papier.” Nikacheka; alimaanisha cheti cha ndoa. Nilikuwa nimekaribia kukubali. Nilimheshimu sana Barnaba, na hata sasa sioni aibu kusema kwamba nilikuwa nimeanza kusikiliza ngazi za chuma jioni nijue kama ni miguu yake. Nilimwambia nitamjibu baada ya safari ya Buffalo.

Safari hiyo ilianzia ghalani. Fundi wa foklifti pale, yale magari ya kunyanyua mizigo, mzee mmoja Mmarekani aitwaye Dale, mtu wa maneno machache na ndevu ndefu, alikuwa anapenda pikipiki kubwa, yeye na wenzake wachache. Kila mwaka waliendesha mbali kuchangisha fedha kwa ajili ya jambo fulani jema. Alimwona Barnaba siku moja kwenye maegesho, amesimama mbele ya pikipiki yake akiiangalia kama mtu anayemwangalia jamaa aliyenenepa. Alipojua kwamba Barnaba aliendesha bodaboda miaka tisa, kati ya kambi yetu na mji wa Kasulu, na kwamba mkewe alifariki kwa kukosa gari la wagonjwa, Dale alikwenda kuongea na wenzake. Siku ya tatu akaja na mpango. Wangeendesha kutoka Louisville hadi Columbus hadi Buffalo, wakisimama kwenye makanisa yenye watu wetu, ili inunuliwe pikipiki ya wagonjwa, ile yenye kitanda kilichofungwa ubavuni, ipelekwe kwenye zahanati ya vijiji vya kule. Barnaba angepewa pikipiki ya kuendesha. Mimi ningepanda nyuma yake, na kila kanisa ningesimama kueleza habari za dada yangu. Kwa nini mimi na si yeye? Yeye alisema hawezi kuongea mbele za watu. Sote tuliona ni majonzi, tukamwelewa.

Miezi miwili alifanya mazoezi kwenye maegesho ya kanisa. Dale alipanga vikopo vya plastiki chini, na Barnaba alipaswa kuvizunguka bila kugusa ardhi kwa mguu. Watoto walikaa ukutani wakila barafu za vijiti. Pikipiki ile ilikuwa kubwa kuliko meza yetu ya chakula. Papa Fikiri alisimama mikono nyuma, tumbo mbele, akapiga kelele, “Wee Baba Neema! Ile haiko pikipiki, iko ng'ombe! Utaikamua ao utaiendesha?” Barnaba alicheka mpaka akaangusha vikopo viwili. Kitu kimoja nilikiona bila kukifikiria. Kila alipotaka kuwasha, mguu wake wa kulia ulinyanyuka kwanza na kutafuta kiki hewani, kile chuma cha kukanyaga ili injini iwake. Haikuwepo. Dale alimwonyesha kitufe chini ya kidole gumba. “Hiki tu?” Barnaba aliuliza. Hiki tu. Alikibonyeza, injini ikaunguruma, akaizima, akakibonyeza tena. Alifanya hivyo mara nyingi kupita kiasi, na uso wake haukuwa wa mtu anayecheza.

Tuliondoka Jumamosi, mwanzo wa Septemba, siku zile ambazo hapa Jumatatu yake ni sikukuu ya wafanyakazi. Pikipiki tisa, na nyuma yake pikapu ya mizigo ikiendeshwa na Papa Fikiri, Neema akiwa pembeni yake na mfuko wa maandazi niliyoyapika alfajiri. Mimi sikuwa nimewahi kwenda kasi hivyo bila mlango. Mwanzo nilishika chuma cha nyuma ya kiti, kwa adabu. Tulipoingia barabara kuu nilimshika kiunoni, adabu baadaye. Upepo ulijaa ndani ya helmeti kama maji. Nilifurahi, na ni lazima niliseme hilo pia, kwamba kwa saa moja na nusu nilikuwa nimefurahi kuliko siku yoyote tangu tufike Amerika, na nilijiambia moyoni kwamba jibu langu ni ndiyo.

Kabla ya Cincinnati, upande wa Kentucky, kuna mteremko mrefu unaoshuka kwenda Mto Ohio, na mji unatokea mbele kwa ghafula na maghorofa yake yote. Tulipoanza kushuka, injini ilinyamaza. Sikuelewa. Upepo ulikuwepo, magurudumu yalikuwepo, ila mngurumo haukuwepo. Nilihisi mgongo wa Barnaba umekauka kama ubao. Kasi ilipungua, honi zikalia, pikipiki moja ikatupita kwa upana wa mkono. Halafu nikaona kidole gumba chake kinabonyeza, injini ikarudi palepale, tukaenda. Baada ya daraja alitoka barabarani na kusimama kwenye kituo cha mafuta. Dale, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alifoka mbele za watu. Alikuwa nyuma yetu, na ilibaki kidogo tu atugonge. Barnaba alivua helmeti, akasema neno la kuomba radhi. Wengine walidhani pikipiki ina hitilafu, wakaanza kuinama kuikagua. Papa Fikiri ndiye aliyejua, maana kule Uvira wanafanya vilevile. “Wee Barnaba, umezima kwa mteremko? Kuchunga mafuta? Huku Amerika?” Akacheka peke yake. Waendesha bodaboda wote wa kule kwenye vilima hufanya hivyo: wakifika juu wanazima injini, wanateremka kwa uzito wao wenyewe, na kule chini wanapiga kiki. Chupa moja ya petroli inafika mbali zaidi. Mkono unajifunza, na baadaye mkono hauulizi. Barnaba hakucheka. Aliniangalia, akasema polepole, “Imewaka. Imewaka palepale.” Nilidhani ni hofu. Nikampa andazi.

Columbus tulifika mchana. Kanisa lilikuwa kwenye jengo lililowahi kuwa duka, na watu wetu walikuwa wametungoja na soda na kuku. Nilisimama, Papa Fikiri pembeni yangu akitafsiri kwa ajili ya Dale na wenzake. Nilieleza kama nilivyoeleza Louisville, kama tulivyoelezwa sisi wenyewe siku ile kambini. Uchungu wa Yustina, wa mimba yake ya pili, ulianza asubuhi, mtoto akakaa vibaya. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda mbali. Barnaba akampakia kwenye pikipiki, akamfunga kwa kitenge mgongoni pake asianguke, wakaondoka kwenda Kasulu. Njiani petroli ikaisha. Alimsukuma juu ya pikipiki mpaka lori la mkaa likatokea, lakini alasiri ilikuwa imekwisha, na Yustina na mtoto walikuwa wamekwisha. Wanawake walilia. Nilipokaa, kiti cha Barnaba kilikuwa tupu.

Nilimkuta nyumbani kwa Mama Furaha, mwenyeji wetu wa Columbus, kwenye kibaraza cha nyuma, anamsaidia kumenya vitunguu. Mama Furaha alituangalia mara moja, akachukua bakuli lake akaingia ndani. Alikuwa amesikia habari za Pasaka, kama kila mtu, na nadhani aliamini anatupa nafasi ya mambo mazuri. Barnaba aliendelea kumenya. Akasema, “Konso, petroli haikuisha.” Akachukua kitunguu kingine. “Petroli ilikuwepo, nusu tangi. Nilizima mwenyewe. Pale juu ya kilima cha mwisho, mkono ulizima, kama leo. Sikufikiri. Nilikuwa namsikia Yustina anavyohema, na mkono ukazima kama siku zote. Chini nikapiga kiki, haikuwaka. Nikapiga, nikapiga. Mpaka mguu ukavimba. Baadaye watu wakaniuliza, petroli iliisha? Nikasema ndiyo.” Kisu kilikuwa bado mkononi mwake. “Nimekuomba nikuoe. Huwezi kunijibu bila kujua umeomba... bila kujua nani amekuomba.” Alijikwaa hivyo hivyo katika maneno, nami nimeyaacha yalivyo.

Nilikumbuka siku ya kuondoa matanga. Mzee wa familia alisimama, kama desturi yetu, akauliza kama kuna mtu mwenye neno na marehemu ambalo halijasemwa, aseme sasa, ili walio hai waache kilio warudi kwenye kazi zao. Alimwangalia kila mmoja kwa zamu. Barnaba alitikisa kichwa. Sote tulinyoa nywele, tukala, tukaondoka, na yeye peke yake alibaki ndani ya matanga miaka ile yote, akilala kwenye kochi. Leo naliona hilo kwa huruma. Jioni ile sikuliona hivyo. Niliona dada yangu chini ya kilima. Nikamwambia maneno mawili tu. Kwamba sitapanda tena nyuma yake. Na kwamba Buffalo sitasema petroli iliisha. Nitasimama niseme, “Leo sisemi mimi,” nikae, na yeye afanye atakalofanya. Akasema, “Ni haki.”

Jumapili nilikaa ndani ya pikapu, Neema katikati yetu, kutoka Columbus hadi Buffalo. Papa Fikiri aliuliza mara moja kama nimeugua mgongo, nikasema ndiyo, na huo ndio uongo wangu wa mwaka ule. Aliimba, alihubiri, alimfundisha Neema kuhesabu kwa Kifaransa. Mbele yetu Barnaba alikuwa wa tatu kwenye msafara. Aliendesha wima sana, na helmeti yangu ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye kiti cha nyuma. Baada ya Cleveland ziwa lilionekana upande wa kushoto, mvua nyembamba ikaanza, na wengine walisimama kuvaa makoti ya mvua. Yeye hakuwa nalo. Neema akasema kwa Kiingereza kwamba baba atapata mafua. Nilitoa shuka langu la kujifunikia, nikashuka, nikampelekea bila kumwangalia usoni, akalifunga mabegani.

Kule Buffalo Dale na wenzake walilala kwa rafiki zao, mji wa jirani wa Kenmore. Sisi tulipokelewa mtaa wa West Side, katika moja ya zile nyumba za mbao zenye ngazi mbele na rangi inayobanduka. Ibada ilikuwa saa kumi. Kanisa lilijaa, Warundi na Wakongomani, na Wamarekani kwenye viti vya nyuma. Walipotaja jina langu nilisimama nikasema niliyomwambia, nikakaa. Papa Fikiri alinigeukia akiwa amefungua mdomo. Nilihesabu feni tatu zikizunguka darini. Halafu Barnaba akasimama, shuka langu bado mabegani, bichi. Alisema yote. Alitaja nusu tangi, mkono na kiki. Alisema, “Nilimwambia kila mtu petroli iliisha, na haikuisha. Msiinunue pikipiki kwa kunihurumia mimi. Inunueni kwa sababu mtu anayebeba mkewe mwenyewe hana akili siku hiyo. Inatakiwa abebwe na mtu mwingine, anayejua.” Kisha akakaa. Hakuna aliyelia safari hii. Mama mmoja mzee wa Kirundi aliinuka kwenye kiti chake, akaenda kukaa karibu naye, basi.

Papa Fikiri alikuwa anatafsiri. Kiingereza changu si kikubwa, lakini kilitosha kusikia kwamba pale Barnaba aliposema injini, yeye alisema petroli, na pale Barnaba aliposema haikuisha, yeye alisema iliisha. Dale nyuma alifuta macho kwa habari ileile ya Louisville. Nilimkuta Papa Fikiri kwenye korido, nikamuuliza kwa nini. Alikuwa anatoka jasho. “Konso, donc niseme mbele ya bale bazungu yote ule mwanaume aliua bibi yake?”

“Hakuua. Alizima injini.”

“Kwa Kingereza iko kitu moja,” akasema. “Mi nilimuchunga. Unikasirikie kama unataka.” Sikuweza kumkasirikia. Ndivyo ilivyotokea kwamba wanaojua Kiswahili wana habari moja, na wanaosoma Kiingereza wana nyingine, mpaka kaburini.

Neema alikuwa amesikia zote mbili. Tulikuwa tumesahau hilo, sisi watu wazima, kwamba mtoto anayejibu Kiingereza hajaacha kusikia Kiswahili. Katika ukumbi wa chini, watu wakipanga meza, alisimama mbele ya baba yake na kumuuliza kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka kijito kwa mawe, “Mama alikasirika?” Barnaba alipiga magoti amfikie. Alisema, “Hapana. Aliniambia nimvue viatu, miguu imevimba. Nikamvua.” Neema alifikiri. Akauliza vilikuwa viatu gani. “Raba nyeupe,” akasema Barnaba. Neema akaitikia kwa kichwa, akaenda kuwasaidia wenzake kubeba soda.

Nilitoka nje kwenye ngazi. Mvua ilikuwa imekatika na basi la mji lilipita likirusha maji. Barnaba akaja akakaa ngazi moja chini yangu. Nikamwambia, “Jibu langu ni hapana. Neema simwachi, na nyumba ni ileile. Lakini hapana.” Nilidhani ataondoka. Akauliza, “Na kama ningenyamaza?” Nilitaka kumdanganya, kwa wema. Nikasema, “Ningekubali.” Alikunja shuka langu mara mbili, mara nne, kama tulivyokunja nguo siku zote, akanipa. “Basi nilifanya vizuri kusema,” akasema. Mtu alifungua mlango nyuma yetu akatuita, chakula kinapoa, sombe ya majani ya mhogo na ugali. Tuliingia. Neema alikuwa ameshatushikia viti viwili, kimoja kila upande wake, na alikuwa anamfukuza Papa Fikiri asikalie hata kimoja.